Mwaka Mama Minza Alipopungua

Minza alinitembelea mwaka jana, muda mfupi baada ya Pasaka. Nilimsikia kabla sijamwona, maana ngazi za mawe za nyumba yangu hapa Nyegezi haziwafichi wageni, na yeye alizipanda akisimama kila mara kuvuta pumzi. Alipofika kibarazani alijitupa kwenye kiti, akaomba maji, akayanywa yote, ndipo akanisalimu. "Shikamoo dada Koku. Daktari wangu ni kitoto kidogo, hata ndevu hazijakaa sawa. Kaniambia nipungue. Nikamwambia, subiri kwanza nikamwulize dada yangu, yeye alianza kusoma habari za unene wewe hujazaliwa." Nilicheka, kwa sababu hakusema uongo. Nikamweleza ninayowaeleza watu wote wanaoniuliza: kwamba hata kupungua kidogo hushusha sukari na presha, kwamba uzito hupenda kurudi ulikotoka, kwamba mtu akiachwa peke yake na njaa yake hushindwa, na kwamba siku hizi dawa zipo na upasuaji upo, ingawa si kwa mfuko wa kila mtu. Alinisikiliza kwa makini huku akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Nilipomaliza akasema, "Haya yote ungemwambia mama." Nikamjibu, "Nilimwambia, Minza. Na aliyafanya." Alijifunga kitenge upya, akaaga, akashuka ngazi. Nilibaki pale kibarazani, chai ikapoa, na mwaka ule ukanirudia na harufu zake zote.

Mama yake alikuwa mwenye nyumba wangu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mimi ni daktari mpya mwenye koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, nikapanga chumba kwake Mabatini. Nyumba ile iliegemea jabali, kiasi kwamba ukuta wa nyuma wa chumba changu ulikuwa ni jiwe lenyewe. Mvua ikinyesha jiwe lilitoa jasho, nami nikasogeza kitanda. Nilikuwa na meza, kiti, na dirisha linalotazama uani alikokuwa akipika, na kwa dirisha hilo niliijua siku nzima kwa pua: asubuhi michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka na karanga, baadaye vitunguu, baadaye sangara akilia kwenye mafuta. Mama Minza alikuwa mjane. Mumewe, dereva wa lori, alikufa kwa ajali njia ya Shinyanga, na kila aliyemfahamu alilijua hilo. Alikuwa na mgahawa karibu na kivuko, ambako abiria wa kwenda Kamanga walikula wakisubiri feri. Mlangoni hapakuwa na kibao. Kibao kilikuwa yeye mwenyewe, kwa maana alikuwa mnene wa kupindukia na mzuri wa kupindukia, na alipoketi kwenye benchi la wateja, mteja wa upande wa pili aliinuka asipende. Watu walimtazama wakiwa njiani, wakaamua kula. "Chema chajiuza," alikuwa akisema akijipiga paja. "Ukiona mpishi kakonda, mwanangu, kimbia. Chakula chake kimemshinda hata yeye."

Mkuu wa kliniki yetu ya kisukari pale hospitalini alikuwa Dokta Bwire, Mjita mrefu mwenye sauti ya kuitia mitumbwi. Aliniita ofisini akanionyesha maboksi ya makaratasi aliyotumiwa na rafiki yake aliyekuwa masomoni Ulaya, nakala za tafiti kuhusu unene uliozidi na namna ya kuutibu. "Soma zote," aliniambia. "Nataka tujue wenzetu wamepata nini, kipi kinafanya kazi na kipi ni porojo, halafu tuandike mwongozo wetu. Tusiwe tunawaambia akina mama 'punguza kula' kama watu wanaopiga ramli." Nilikubali, na papo hapo nikaona aibu. Lazima mtu ajue hospitali ile ilivyokuwa mwaka ule. Wodi zilijaa vijana waliokonda mpaka shuka zikalala kitandani kana kwamba hapana mtu chini yake. Kila nyumba mjini ilikuwa na mtu wake. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema mdudu, tulisema ugonjwa wa siku hizi, na kwenye matanga tulisema malaria. Katikati ya hayo mimi nilipita ukumbini nimekumbatia habari za watu walionenepa. Wenzangu walinitania, "Koku, sisi tunazika, wewe unapima matumbo." Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Niliyasoma makaratasi hayo Jumapili mchana, chini ya upenu wa uani, kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao na chumba changu kilikuwa na giza hata saa sita. Mama Minza aliketi karibu yangu na ungo wa mchele, akichambua. Hakupenda mtu asome kimya mbele yake, aliona ni sawa na kula bila kukaribisha. "Haya, leo wazungu wanasemaje?" Nikamweleza kwamba wamewagawa watu makundi, wengine wakapunguziwa chakula, wengine wakatembezwa, wachache wakapasuliwa tumbo lipunguzwe, wengine wakapewa vidonge vya kuzuia njaa. Akaacha kuchambua. "Vidonge vya kuzuia njaa? Na sisi tulivyokesha kwenye foleni za unga miaka ile, kumbe dawa ilikuwepo!" Alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na Minza, aliyekuwa akiosha masufuria, akaja kuokota punje moja moja huku akilalamika. Nikicheka nao, niliendelea kuandika. Nilichokipata hakikuwa kingi. Wengi walipungua miezi ya mwanzo, kisha mwili ukarudi. Vidonge vilisaidia wakati vinamezwa, na vingine vilileta madhara. Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioonana na washauri wao mara kwa mara, wakala kidogo na kutembea, vyote kwa pamoja. Tena tafiti nyingi zilikuwa za muda mfupi, na kila moja ilikuwa na watu walioacha katikati. Waliandikwa idadi yao tu. Kwa nini waliacha, hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Sikumshawishi mimi. Alinijia mwenyewe, siku moja mvua za vuli zikiwa zimeanza, akanionyesha kidonda cha mguuni ambacho kilikataa kupona. Nilimpeleka kliniki. Sukari ilikuwa juu na presha ilikuwa juu zaidi, na Dokta Bwire, ambaye hakujua kunong'ona, alimwambia mbele yangu, "Mama, ukiendelea hivi hutamwona mjukuu." Maneno hayo yalimwingia. Minza alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa Magu. Mshenga alikuwa ameshafika, mazungumzo ya ng'ombe yameshaanza, na Mama Minza alikuwa na ndoto moja tu duniani, nayo ni kumshika mtoto wa Minza mikononi. Tulikuwa njiani kurudi nyumbani, tukafika daraja la Mirongo. Hapo akasimama. "Yale ya kwenye makaratasi yako," akasema, "nifanyie mimi. Yote. Ila yale ya kukatwa tumbo muwaachie wenyewe."

Mizani ya kliniki ilimshinda. Mshale ulikwenda mpaka mwisho ukagonga na kukaa, na yeye akashuka akicheka: "Hii ni ya kupimia watoto wachanga." Ndipo akaamua mwenyewe kwenda kwa Mzee Jivan, mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa akimuuzia mchele na maharage tangu mumewe yupo hai, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa Mzee Jivan kulikuwa na mizani ya magunia. Mama Minza alipanda juu yake kama anayepanda jukwaa, wapagazi wakashangilia, mmoja akauliza gunia hilo linauzwa bei gani, naye akamjibu kwamba hata mshahara wa baba yake hautoshi. Ilikuwa furaha tupu. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda, na kila Jumamosi wapagazi waliacha kazi kutazama. Nilimweleza Dokta Bwire, akafurahi mno. Ndiyo namna hasa ambayo tafiti zilisema, mtu apimwe mara kwa mara, awe na watu wa kumtia moyo. Nyumbani alijipakulia kwenye kisahani cha chai. Samaki alimchemsha kwa limau na nyanya badala ya kumkaanga. Soda aliiacha, na kwa mtu mwenye kreti za soda mgahawani kwake hilo si jambo dogo. Asubuhi alitembea kutoka Mabatini hadi kivukoni, kitenge kikiwa kimefungwa juu ya magoti, akisalimiwa kila mlango. Kufikia mwisho wa masika kidonda kilikuwa kimefunga, presha imeshuka, na gauni lake la kanisani lilikuwa limepunguzwa na fundi mara mbili. Dokta Bwire alimsimamisha mbele ya wagonjwa wote wa kliniki akasema, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye ushahidi." Mama Minza akainama kidogo kama bibi harusi. Sijawahi kujivunia kazi yangu kama siku ile.

Waliokuwa wa kwanza kukoma kushangilia walikuwa wapagazi. Sikulitilia maanani. Jumamosi moja tulifika kwa Mzee Jivan, akapanda mizani, kilo zikawa zimeshuka tena, na hakuna aliyesema neno. Mmoja alijifanya anafunga gunia lililokwisha kufungwa. Tulipotoka, Mzee Jivan alitufuata mpaka barazani, akavua miwani, akasema taratibu, "Mama, sisi kwetu tunafunga. Mke yangu nafunga Jumatatu, nafunga siku ya mwezi, nakonda, watu nasema huyu mtu ya Mungu. Lakini wewe... Mama, wewe kula kidogo." Mama Minza alimshukuru akidhani anamwonea huruma ya njaa. Mimi nilielewa wiki ile ile, nikiwa mgahawani nyuma ya pazia la jikoni, ninakula. Abiria wawili walisimama mlangoni, mwanamume na mwanamke, mizigo yao kichwani. "Tule hapa," mwanamke alisema. "Usile hapo." "Kwani?" "Humwoni mwenyewe? Kaisha." "Mbona anatembea?" "Wote huanza wakiwa wanatembea." Wakaenda zao kwa muuza chipsi. Mama Minza alikuwa ameinamia jiko, mgongo kawageuzia, na mpaka leo sijui kama alisikia. Aliongeza mkaa, akapepea, akaniuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwembamba tangu utotoni, ufito mtupu, na hakuna mtu Mwanza nzima aliyenitilia shaka. Nimelifikiria sana hilo. Mwembamba aliachwa na wembamba wake. Aliyeogopwa ni yule aliyekuwa na mwili jana na leo hana. Na Mama Minza mwili wake ulijulikana na watu wote, ulikuwa mali ya kivuko kizima. Kila alichopoteza kilionekana. Maneno yalipoanza hayakuishia kwake, yalirudi nyuma mpaka kaburini kwa mumewe. Watu walioibeba maiti ya yule dereva, walioona lori lilivyopondeka, walianza kuulizana kisimani: hivi kweli ile ilikuwa ajali? Dereva wa masafa marefu, unajua tena. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, mtu mwema aliyetuletea mboga kila mara, alinishika mkono njiani akaniambia, "Dokta, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mshauri akubali, tumwombee." Nilimjibu kwa hasira kwamba Mama Minza ni mzima kuliko yeye. Akanitazama kwa huruma, kama atazamwavyo ndugu wa marehemu.

Mshenga alirudi mwezi wa saba. Alikuwa baba mdogo wa mwalimu, mzee wa Magu mwenye fimbo na koti zito la mitumba, na tulikuwa tumemtarajia aje kumaliza habari ya ng'ombe. Minza alimwosha mikono. Mezani kulikuwa na ugali, sato mzima, na maziwa mgando katika kibuyu. Mzee aliitazama meza, akarudisha mikono magotini. "Nimeshiba, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nilipita kwa jamaa pale Igoma wakanilisha." Mama Minza akamkaribisha chai. Nayo akashukuru, ikapoa mbele yake. Akaanza kueleza kwamba ng'ombe wamepata maradhi, kwamba mwaka si mzuri, kwamba ni vema vijana wasubiri kidogo, Mungu akipenda. Alizungumza kwa adabu yote, na hakunywa hata maji. Kwa Wasukuma, mtu aliyekuja kuoa katika nyumba hakatai chakula cha nyumba hiyo. Hata mtoto anajua maana yake. Alipokwisha kuondoka, Mama Minza aliketi akimtazama yule sato. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ameogopa sahani zangu." Minza akakimbilia ndani. Mimi nikaanza kuondoa vyombo mezani.

Nilimwomba akapime. Nilimwambia kipimo kipo, jibu litatoka safi, tutawanyamazisha wote. Alinitikisia kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto mpole. "Mwanangu Koku, nikionekana tu nimekaa kwenye lile benchi la kupimwa, jibu wameshalipata. Na cheti kikitoka watasema dokta anaishi kwangu." Alikuwa sahihi, na nilijua kwamba yuko sahihi. Basi nikamweleza Dokta Bwire, na yeye, kwa jinsi alivyokuwa mtu wa kweli na wa haraka, hakuweza kuvumilia. "Nitakwenda mimi mwenyewe," akasema. "Nitawaambia majirani kwa mdomo wangu." Alikuja Jumatano mchana kwa gari la hospitali, kavaa koti jeupe, mimi nikiwa nimekaa kando yake, na nilipoona watoto wanavyolikimbilia gari lile, kisha mama zao wanavyowaita warudi, ndipo nilipotambua kosa letu. Gari lile lile lilikuwa likizunguka mitaani kuwapelekea dawa na unga waliolemewa, wale ambao hospitali ilikuwa imewarudisha wakafie kwao. Liliposimama mlangoni kwako, mtaa ulijua. Dokta Bwire alishuka, akasimama uani, akatangaza kwa sauti yake ya ziwani kwamba mama huyu ana afya njema, kwamba amepungua kwa ushauri wa daktari, kwamba wote wangefaa kumwiga. Majirani walisikiliza kwa heshima. Bibi mmoja alimshukuru kwa kumjali mgonjwa. Tulipoondoka, jirani wa karibu kabisa, aliyekuwa akiazima kinu chetu, alikuja kuchukua mwiko wake uliokuwa jikoni kwetu.

Jioni ile ile, jua bado lipo, Mama Minza alimtuma Minza akatoe meza nje, mbele ya nyumba, upande wa barabara. Akakaanga sangara kwa mafuta mengi, akasonga ugali wa kilima kizima, akaketi mahali kila apitaye angemwona, akaanza kula. Nilimwendea, nikapiga magoti, sikujali anayetazama. "Mama, presha itakuua. Tafadhali. Umeshashinda, mwili umekubali, usirudi huko." Aliendelea kutafuna. Minza naye alikuwa amesimama mlangoni akilia, "Mama, acha, mimi sitaki tena kuolewa." "Nyamaza wewe," alimjibu bila kugeuka. Kisha akaniegemea, mkono wake wa mafuta akiuweka mbali na koti langu asinichafue, akanong'ona ili Minza asisikie. "Presha inaua mmoja. Haya maneno yanaua wawili. Nani atamwoa mtoto wa nyumba inayoogopwa sahani? Nani atakula kwake mimi nikiondoka? Nenda kalale na makaratasi yako, mwanangu. Umenifanyia vizuri. Sina kinyongo." Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akamwitikia salamu mpita njia mmoja kwa furaha kubwa, mdomo umejaa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimesoma kila kitu kuhusu namna ya kumfanya mtu apungue, na nililia mbele ya mtu ambaye kunenepa ndiko kulikobaki kuwa dawa yake.

Mwili ulirudi upesi, kama tafiti zilivyosema hurudi. Aliusaidia kwa uji wa maziwa asubuhi, kwa soda, kwa mchuzi wa vichwa vya samaki. Fundi akatoa mishono aliyoipunguza. Presha ikapanda, nikawa namletea dawa, akazimeza nyingine na nyingine akazisahau kwa makusudi, kwa kuwa zilimpeleka msalani mara kwa mara na wateja wangeuliza. Na wateja walirudi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, jinsi walivyorudi kwa moyo mweupe, wakicheka, wakimwambia, "Mama, ulitutisha!" naye akawajibu kwamba ilikuwa malaria mbaya, akawaongezea mchuzi. Jirani aliurudisha mwiko. Dokta Bwire alinikuta na rasimu ya mapitio yetu ya zile tafiti mezani, akaniuliza tumwandike vipi yule mama wa Mabatini. Nikamwambia sijui. Akafikiri, akasema katika tafiti mtu wa namna hiyo huandikwa kwamba aliacha matibabu. Nikamwuliza kama tunaweza kuandika sababu. Yule mtu wa sauti kubwa akasema polepole, "Andika. Watakaosoma wasipoelewa, basi." Niliandika aya moja, na nadhani ndiyo ya kweli kuliko zote nilizowahi kuandika, ingawa haikuwa na marejeo hata moja.

Mshenga wa Magu alikuja kabla ya mvua. Safari hii alikula sato mpaka mifupa, akaomba na maziwa, na habari za ng'ombe waliougua hazikutajwa na upande wowote. Harusi ilifanyika kanisani kwetu, sherehe ikawa uani chini ya maturubai, na ikiwa kuna siku niliyomwona Mama Minza akiwa mzuri kupita siku zote ni ile. Alivaa kitenge cha rangi ya machungwa, akacheza mbele ya wakwe na kuku mzima wa kuchoma mkononi, wanawake wa Magu wakipiga vigelegele na kumzunguka, na nilimwona akishika nguzo ya turubai kila wimbo ulipokwisha, akipumua kwa mdomo, akitabasamu. Nilimpelekea kiti. Akakikataa. "Leo nikikaa watasema nimechoka."

Kiharusi kilimpata Mama Minza wakati binti yake akiwa bado hajamaliza mwezi kwa mumewe. Alianguka mgahawani, kati ya jiko na benchi, na alipofika hospitalini hakuwa akisema tena. Dokta Bwire alikaa naye siku nzima kama ndugu. Mama Minza alifariki akiwa ameushika mkono wangu kwa ule mkono wake uliobaki na nguvu, na nilimlilia kama mama, kwa kuwa kwa mwaka ule mzima ndivyo alivyokuwa kwangu.

Asubuhi ya mazishi niliingia na wanawake waliomwosha, pale chumbani kwake, madirisha yamefunikwa kwa kanga. Tulikuwa wachache: Minza, mama wa jumuiya, jirani mwenye mwiko, na shangazi wa yule mwalimu aliyekuja kutoka Magu kuwawakilisha wakwe. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Tuliombana sabuni na kitambaa. Yule shangazi ndiye aliyeuosha mkono wa kulia, taratibu, kuanzia begani, na alipofika kwenye kiwiko alisimama, akauinua ule mkono mnene, mzuri, akauonyesha kwa wenzake. "Tazameni," alisema kwa sauti ya chini. "Kaondoka na mwili wake wote. Hakuisha." Wakaitikia kweli, kweli, Mungu amemsitiri. Minza aliinua uso akamtazama yule shangazi wa mumewe kwa shukrani kubwa, machozi yakimtiririka. "Wabeja, mayu," akasema. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji, na katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyesomea kilichomuua. Nikaitikia pamoja nao.